Moyo wa Shiru Uko Kulia

Jumanne, 15 Julai

Baridi. Ukungu haujaondoka Othaya tangu wikendi. Mchana kutwa nimefuma dukani mikono ya sweta za shule, zile za maruni, na mashine inakwama kwa sababu uzi umeshika unyevu. Shiru amelala kwenye katoni la uzi chini ya meza. Anakohoa. Kikohozi kile kile. Dawa ya chupa imeisha, kikohozi chenyewe hakijaisha. Baba yake, Kariuki, anasema watoto wote wanakohoa Julai. Ni kweli. Lakini huyu wetu anakohoa hata Januari, jua likiwaka.

Kesho nampeleka Nyeri kwa daktari wa watoto. Nimechoka kubahatisha.

Jumatano, 16 Julai

Sijui nianzie wapi.

Daktari ni mama wa makamo, mpole, mikono yake ina joto. Aliweka chombo cha kusikilizia kwenye kifua cha Shiru, kushoto. Akasikiliza. Akakisogeza. Akasikiliza tena. Akakipeleka kulia na kukaa hapo muda mrefu, macho yake ukutani. Nikaona uso wake umebadilika.

Akatutuma tukapigwe picha ya kifua. Tulipoirudisha, akainuka nayo mpaka kwa mpiga picha kumuuliza kama ameigeuza. Hakuwa ameigeuza. Ikapigwa nyingine, yeye mwenyewe amesimama pale.

"Mama Shiru," akasema, "moyo wa mtoto uko upande wa kulia."

Nikamuuliza umefikaje huko. Akasema bado hajui. Huenda alizaliwa hivyo. Lakini kwenye pafu moja kuna kivuli asichokielewa, na huenda kuna kitu kinausukuma moyo kutoka mahali pake. Tena mioyo ya namna hii mara nyingine huwa na matundu. Lazima mtaalamu wa moyo auangalie kwa mashine. Anakuja Jumanne.

Shiru alikuwa anavaa viatu. Nilidhani hasikii. Akauliza, "Moyo yangu imepotea?"

Daktari akachuchumaa mbele yake. "Haijapotea. Tunajua iko wapi."

Nilitaka kulia. Sikulia. Nilimnunulia ndizi.

Alhamisi, 17 Julai

Nilipomwambia Kariuki jana, alichukua panga akaenda kukata nyasi ya ng'ombe kwenye manyunyu. Sasa tuna nyasi ya kulisha kijiji.

Leo mama yake, nyanya wa Shiru tunayemwita Cucu, amekuja kutoka Tetu. Alimkalisha Shiru mapajani, akamwangalia kama mtoto wa mtu mwingine. "Ati moyo iko upande ingine? Kwetu hatujawahi kuwa na mtu wa hivyo."

Kwetu. Maana yake ni kwamba imetoka kwangu. Labda hakukusudia. Nilimchukia hata hivyo. Nilimmiminia chai nikimchukia.

Ijumaa, 18 Julai

Shiru alilala baada ya chakula cha mchana. Nikafunga mlango wa duka. Nikalaza sikio kwenye kifua chake.

Kushoto: pumzi, na kitu cha mbali, kama mtu anatembea kwenye nyumba ya jirani. Kulia: hapo hapo. Karibu kabisa. Unapiga, unapiga, hauna shida na mtu.

Ana miaka minne. Nimemnyonyesha. Nimemwosha kila siku. Nimembeba mgongoni nikifuma, na wakati huo wote moyo wake ulikuwa unanigonga upande wa kulia, nami sikujua. Nilidhani hakuna kitu cha mtoto huyu nisichokijua.

Niliogopa. Lakini haikuwa hofu peke yake. Nilinyamaza vile ninavyonyamaza nikiwa kanisani kabla ya watu kuingia. Niliacha sikio pale mpaka shingo ikauma.

Jumapili, 20 Julai

Sikuomba watu watuombee. Sikutaka maswali. Kariuki alimshika Shiru ibada yote, kiganja kwenye kifua cha mtoto, kulia, kana kwamba moyo utaanguka.

Tukirudi akasema, "Kama ni kupasuliwa, mimi ndiye nitaingia naye. Wewe utabaki nje."

Nikakasirika. Nikamwambia mtoto nilimzaa mimi. Tulitembea mpaka kwenye daraja. Hapo ndipo nilipomwona anafuta macho na mkono wa koti. Hasira ikaniisha.

Jumatatu, 21 Julai

Sijafuma. Siwezi. Nimemkemea Shiru kwa kumwaga uji, akalia, nami nikalia.

Nataka kesho ifike. Sitaki kesho ifike.

Jumanne, 22 Julai

Tulimkuta Cucu ameshafika, amekaa kwenye benchi la hospitali na koti lake la kanisani. Hakuna aliyemwita. Akasogea tukakaa.

Mtaalamu ni kijana, maneno machache. Chumba chenye giza. Alimpaka Shiru mafuta baridi kifuani, Shiru akacheka. Kwenye kioo cha mashine, kwanza kulikuwa na kijivu tu, kama ukungu wa huku kwetu. Halafu nikauona.

Moyo wa mtoto wangu. Vyumba vinne, na ndani yake milango midogo, myembamba kama ganda la kitunguu. Inafunguka, inafungika. Inafunguka, inafungika. Hakuna anayeiambia. Haikupumzika hata kidogo ili tuitazame. Nilisahau kuogopa. Nasema kweli, kwa muda nilisahau tumekuja kutafuta nini.

Kijana akashuka na mashine hadi tumboni. Akasimama. Akamwita yule daktari wetu, wakatazama pamoja.

"Ini liko kushoto," daktari akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Mfuko wa chakula uko kulia. Mama Shiru, hakuna kinachousukuma moyo. Kila kitu ndani ya Shiru kimegeuka. Kila kimoja kiko na wenzake, ila upande wa pili, kama vile unavyojiona kwenye kioo."

Moyo hauna tundu. Ni mzima. Kile kivuli ni makohozi. Kuna watoto wa namna hii ambao mapafu yao hayajisafishi vizuri, na huenda Shiru ni mmoja wao. Atafanyiwa vipimo zaidi. Tutakuja kila mara. Kila daktari atakayemshika lazima aambiwe, maana hata kidole tumbo kikimuuma siku moja, kitauma kushoto.

Cucu akauliza, "Na nani aligeuza?"

"Alijipanga hivyo mwenyewe, Cucu. Zile wiki za kwanza kabisa. Mama yake hata hakuwa amejua vizuri kama ana mimba."

Nimezikumbuka wiki hizo. Nilikuwa naning'iniza sweta dukani, nabishana na wateja juu ya vipimo vya shingo. Na ndani yangu kazi hiyo yote ilikuwa inafanyika, kila mshipa unachagua upande, wala hakuna uliokosea njia. Sikusikia chochote.

Cucu aliinuka, akaweka mkono kwenye kifua cha Shiru, yale mafuta yakiwa bado hapo. Akaukaza hapo.

"Hii imepangwa vizuri," akasema. Akanitazama mimi, si daktari. "Imepangwa vizuri sana."

Alhamisi, 24 Julai

Nimerudi kwenye mashine. Maruni tena.

Asubuhi na jioni tunamgonga Shiru mgongoni na kiganja kilichokunjwa kama kikombe, vile tulivyoonyeshwa, makohozi yatoke. Kariuki anaweza kuliko mimi. Shiru anaimba akigongwa, sauti inatetemeka, anafurahi. Bado anakohoa. Nikisikia kikohozi nasimamisha mashine. Sidhani nitaacha karibuni.

Kariuki ameshawaambia watu wote pale tunapopelekea maziwa. Leo wawili wamekuja dukani, eti kuuliza bei ya sweta.

Jumapili, 27 Julai

Jua limetoka kidogo baada ya kanisa. Nimemwogesha Shiru nje kwenye karai. Cucu alikuwa kwenye ngazi anamenya njegere.

Nilipompaka sabuni niliona ngozi inainuka na kushuka, kidogo sana, katikati ya mbavu za kulia. Imekuwa ikionekana siku zote. Nikaacha kusugua. Cucu naye akaacha njegere, akaangalia nilipokuwa naangalia.

Shiru akasema maji yamekuwa baridi. Nikaongeza ya moto.