Mifuko ya Viatu

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Stendi.
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kazi inakwendaje, na kile kikohozi kimekuacha? Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Nataka kujua kama unakula. Sisi huku tu wazima. Mimi ni mgongo tu, na huo ni wa cherehani, tumeshazoeana.

Sasa habari za Baba. Kwenye simu nilikuficha, lakini alikuwa ameanza kunyong'onyea. Mlima bado anaumudu, polepole, na fimbo yake. Kinachomshinda ni ile barabara ya lami kutoka stendi hadi geti la mlima. Akifika getini magoti yamekwisha, anageuza. Mwishowe akaacha kabisa. Mtu aliyeongoza wapanda mlima maisha yake yote akawa anashinda uani akigombana na kuku. Iliniuma sana.

Basi, kampuni ya mabasi ikaleta gari la majaribio, Jumamosi na Jumapili, mpaka getini. Tulifurahi mno. Lakini walisema likiwa linarudi tupu watalifuta, na kweli likawa linarudi tupu! Asubuhi limejaa watu na mabegi yao, jioni halina mtu. Meneja akaanza kusema halihitajiki.

Nikapanda mwenyewe nijionee. Kumbe ni kondakta, yule tunayemwita Sabuni! Tope la mlimani unalijua, na yeye hataki hata tone ndani ya basi lake. Watu wameshuka mlimani hoi, anawazuia mlangoni wakaoshe viatu kwanza, na pale getini bomba hakuna. Basi linaondoka, wao wanarudi kwa miguu.

Nikampasha. "Sabuni, utatufukuzia basi kwa usafi wako!"

"Dada, likichafuka nani anadeki? Si mimi?"

Na hapo alisema kweli.

Nikarudi kwenye cherehani, nikachukua viroba vitupu vya unga nikashona mifuko yenye kamba. Abiria anavua viatu mlangoni, anavitia mfukoni, anapanda na soksi. Akishuka anarudisha mfuko. Sabuni alicheka mpaka akashikilia mlango, lakini akakubali.

Ungeliona lile basi jana! Limejaa pomoni, soksi za kila rangi, nyingine vidole nje. Harufu sikufichi, madirisha yote tulifungua. Meneja alikuja kukagua, naye akavuliwa viatu. Uamuzi bado tunausubiri, ila alishuka akiuliza kama basi moja litatosha.

Na Baba alikuwamo. Alikaa dirishani, mfuko mapajani, tope mpaka magotini, na Sabuni akajifanya halioni. Kileleni hakufika, aliishia kwenye lile jiwe bapa alipokuwa akikupumzisha ulipokuwa mdogo. Nyumbani alikula akaongeza, na kuku leo wana amani. Nililia, nikasingizia vitunguu.

Msalimie sana wifi yangu, na umbusu mwanenu. Shangazi anakusalimu kwa sauti yake ileile ya kuamsha mtaa, na Sabuni naye. Mungu akulinde, akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Baba amesimama nyuma yangu, anasema nikushonee na wewe mfuko. Nimwambie nini? Nilishaushona, mkubwa, maana miguu yako naijua. Umetundikwa msumarini, kando ya ule niliomshonea yeye.

Mimi niliyejaa nyuzi mwilini na upendo wako moyoni,
Dada yako.