Foki ya Mjomba, Fremu ya Mama

Jumatatu, 6 Machi 1995

Soksi nimefua. Hesabu za sehemu nimemaliza, isipokuwa ya mwisho. Fremu imelala chini ya kitanda changu, ya kijani, mpya kabisa. Mama aliileta jana baada ya kanisa. Aliibeba begani kutoka Mukuru kwa Njenga hadi hapa Ziwani, akiwa na viatu vyake vya Jumapili. Vitu vingine vyote vitatoka kwenye baiskeli kuukuu ya Mjomba Kioko ninayeishi naye, ile ya milimani iliyovunjika fremu.

Mwezi huu Mama yuko zamu ya usiku kiwandani. Mchana yuko nyumbani, anatoka saa kumi na moja. Mwezi ujao anarudi zamu ya mchana na nitamwona Jumapili tu. Nikitoka shule nikatembea, nafika yeye akifunga mlango. Kwa baiskeli nitapata karibu saa nzima.

Hataki nihamie kwake nilale peke yangu akiwa kazini. Ana haki. Sipendi kwamba ana haki.

Jumatano, 8 Machi

Tumeifungua baiskeli kuukuu. Goroli nimezitia kwenye kikombe cha chai zisipotee. Mjomba aliishika foki, ile miguu miwili inayobeba gurudumu la mbele, akapitisha kidole polepole kila mahali akitafuta ufa. Hakuna. Haijapinda pia. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 11 Machi

Haitoshi.

Shingo ya foki hupita ndani ya bomba la mbele la fremu. Juu yake hufungwa nati mbili: ya kwanza inakaza goroli, ya pili inaibana ya kwanza isilegee. Bomba la fremu ya Mama ni refu kidogo kuliko la zamani. Nati ya kwanza inaingia. Ya pili haipati pa kushika.

Tulipeleka kwa fundi Kamau.

"Hiyo ni kitu kidogo! Naunga shingo na welding, kesho huyu siste anaenda hadi Thika."

"Kamau, huyu ana meno yote," Mjomba akasema. "Nataka abaki nayo."

"Kioko, wewe unaogopa hata moto wa jiko."

"Wako naogopa."

Walicheka. Mimi sikucheka. Mjomba anaondoka kesho na lori kwenda Mombasa. Akirudi tutatafuta vikombe vya goroli, vile vibakuli vya chuma zinamokaa, vilivyo vifupi ili shingo itokeze zaidi juu. Amesema nisiiguse. Wiki nzima!

Jumanne, 14 Machi

Nimeigusa.

Bomba la maji la hapa mtaani likivuja, tunazungushia karatasi ya nailoni kwenye uzi wake, ile mistari ya kukazia, kisha tunakaza. Linashika miezi. Nimefanya vivyo hivyo kwa nati ya kwanza na nikaiacha ya pili mezani. Nimezunguka nyuma ya nyumba mara sita. Imeshika. Kesho nitaenda.

Jumatano, 15 Machi

Nimeanguka Industrial Area. Kwanza usukani ulianza kugonga kila nilipopita shimo. Nilijiambia ni barabara. Kisha gurudumu la mbele likayumba na mimi nikawa mtaroni. Lori lililokuwa nyuma lilipiga honi, likapita. Nati ilikuwa imejifungua yenyewe, nailoni inaning'inia. Bomba la maji limesimama mahali pamoja. Baiskeli inatikisika. Kwa nini sikufikiri hivyo?

Viganja vimechubuka. Meno yapo.

Kutoka pale, kwa Mama ni karibu kuliko Ziwani. Nilisimama muda mrefu nikitazama upande wake. Angetoka kazini kesho asubuhi akiwa amewaza damu yangu usiku kucha, na mashine mbele yake. Nikageuka, nikaikokota baiskeli hadi nyumbani.

Nililia njiani. Si kwa sababu ya viganja.

Jumamosi, 18 Machi

Mjomba amerudi. Nilimwambia kabla hajavua viatu. Hakupaza sauti. Alinitazama viganja, akanywa chai, akasema, "Twende Gikomba." Ingekuwa afadhali angenikaripia.

Sokoni huko tumepata vikombe vifupi, vya mtumba lakini laini ndani. Grisi, goroli, nati ya kwanza. Halafu ya pili, na sasa imeshika uzi wake wote. Tulizikaza kwa spana mbili, moja ikivutana na nyingine. Mjomba alinifanya nifungue na kurudia peke yangu. Ukibana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, hakuna kinachogonga. Ukiinua mbele, usukani unageuka wenyewe bila kukwama.

Kisha akaipanda yeye, na lile tumbo lake kubwa, akashuka nayo ngazi za nyumba.

"Mama yako akiuliza," akasema, "mwambie imepimwa na mzigo."

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Breki zikilowa hazikamati. Nimebaki. Nilitaka kwenda hata hivyo, na ndiyo maana nimebaki.

Jumatano, 22 Machi

Nimefika saa kumi kamili. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Mama alikuwa amelala, kitambaa kichwani, nyuzi za kiwandani bado zimeshika nyusi zake. Sijawahi kumwona akilala mchana. Anaonekana mdogo.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Sikumwamsha. Niliingiza baiskeli ndani taratibu, nikaketi kwenye kistuli karibu na mkono wake. Nje mtu alikuwa akichota maji. Nimeandika haya hapo hapo, daftari magotini.

Alipogeuka hakufumbua macho. Mkono wake ulipapasa, ukapata goti langu, ukatulia.

"Umekula?"

Nikasema bado.

"Ngoja kidogo niamke," akasema, akalala tena.

Ninangoja.