Mume Wangu Anadhani Nashona, Kumbe Nasomea Kuongoza Shule za Wilaya

Mpendwa Shangazi Corliss,

Naomba msaada wako na naomba haraka, maana nimejifunga kamba mwenyewe na kila nikijaribu kujifungua inazidi kukaza. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mji mdogo, nimefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, na mume wangu, nimwite Verlyn ingawa silo jina lake, ni kocha wa mpira wa kikapu wa wavulana pale sekondari, na msimu uliopita timu yake ilifika mashindano ya jimbo kwa mara ya kwanza tangu babu yake alipokuwa mchezaji, mpaka leo akiingia mgahawani wazee wanagombania kumlipia kahawa.

Sasa Shangazi, msimamizi mkuu wa shule za wilaya yetu, Bwana Odegaard, anastaafu kiangazi kijacho, na mwaka juzi aliniita ofisini akaniambia, "Kasome upate cheti cha usimamizi, mwalimu. Sitaki kiti hiki akalie mtu asiyejua ni barabara ipi inaziba kwanza theluji ikianguka." Nilifurahi, nikajiandikisha chuoni, masomo ya jioni kila Jumanne, bajeti, sheria za shule, majengo, namna ya kuishi na bodi bila kuugua, na kumbe nayapenda yote mpaka sheria. Lakini Verlyn sikumwambia, kwa sababu sera ya wilaya inakataza mtu kumsimamia mwenzi wake, na msimamizi mkuu ndiye bosi wa kila mtu, kocha akiwemo, kwa hiyo mimi nikipanda yeye anashuka, aiache timu yake, nikajisemea nitamwambia nikimaliza somo la kwanza, likaisha nikasema la pili, na mambo yakaenda hivyohivyo.

Aliponiuliza Jumanne nakwenda wapi nikamjibu nakwenda kanisani kushona mablanketi ya viraka na akina mama. Shangazi, mimi hata kifungo hunishinda. Verlyn alifurahi kupita kiasi, na ibada ilipokwisha Jumapili moja akasimama mbele ya waumini wote akatangaza kwamba blanketi la mke wake litauzwa kwenye mnada wa mavuno, na ikiwezekana liwe la mwisho, mahali pa heshima. Mama Stenerson, mwenyekiti wa washonaji, ambaye anajua wazi kwamba sijawahi kukanyaga chumba chao, alinikuta dukani kwenye friza akaniambia taratibu, "Nasikia unatuletea blanketi, mwalimu. Tunalisubiri kwa hamu." Akachukua njegere zake akaenda.

Masomo ya darasani nimemaliza. Kilichobaki ni mafunzo ya vitendo chini ya Bwana Odegaard, mamia ya saa, mchana kweupe, kwenye vikao vya bodi ambavyo mji mzima huhudhuria kwa kukosa pa kwenda, halafu nihojiwe na jopo. Nianze mwezi ujao au nafasi yangu chuoni inapotea. Je, niache cheti ninusuru ndoa, au ninunue blanketi mji wa mbali nijikaze kidogo tena? Nampenda mume wangu, na kazi hii naitaka mpaka naota bajeti.

Ni mimi,
Vidole Kumi vya Bure

---

Mwalimu wangu,

Nimecheka nikamwaga chai, nisamehe. Nilipomaliza kucheka nikakasirika kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

La blanketi kwanza, maana ndilo jepesi. Usinunue. Wale akina mama wanautambua mshono wa kila mmoja wao kama unavyotambua mwandiko wa wanafunzi wako, na Mama Stenerson ameshakupa nafasi ya kuungama pale kwenye friza, wewe ukabaki kutazama njegere. Nenda kwake, mwambie ukweli, mpelekee keki. Atakutania hadi Pasaka, na utaishi.

Sasa cheti. Nilikaa kwenye bodi ya shule mihula mitatu na nimewahoji wasimamizi kadhaa, kwa hiyo hapa nisikilize bila kunikatiza. Umechanganya cheti na kiti. Cheti kinatolewa na jimbo, na jimbo halikuulizi umeolewa na nani. Litataka kujua kama umefundisha miaka inayotakiwa, kama programu uliyosoma imeidhinishwa, kama saa zako za vitendo umezifanya chini ya msimamizi mwenye cheti chake, kama jopo limeridhika nawe na polisi hawana neno. Ukishakipata ni chako, na ukikitunza kwa kuhuisha kila kinapokaribia kuisha, unaweza kwenda nacho wilaya jirani, ambako hakuna kocha unayelala naye kitanda kimoja. Kiti ndicho cha bodi, na sera inayokutisha inahusu kiti tu. Unataka kutupa cheti kwa ajili ya kiti ambacho hujapewa?

Kwa hiyo saa zako zianze mwezi ujao kama ulivyopangiwa. Mwombe Bwana Odegaard asikuhusishe na jambo lolote la michezo, na hilo aliandike kwenye mpango wa mafunzo yako ili asije mtu akasema ulimpendelea mumeo. Sehemu ya saa ukazifanyie wilaya jirani, utajifunza zaidi na utaepukana na macho ya watu. Ukifika wakati wa kuomba kiti cha hapa, iambie bodi mapema, kwa mdomo wako, kwamba kocha ni mumeo, waamue kama anaweza kuwajibika kwa mwenyekiti wa bodi badala yako. Huenda wakakubali. Wakikataa, wilaya zinazotafuta msimamizi ziko nyingi, na gari lako linajua kutembea kwenye theluji.

Lakini kilichonikasirisha ni hiki. Umekaa peke yako ukamwamulia mumeo kwamba atachagua mpira. Hujamuuliza. Umemnyima hata nafasi ya kukufurahia. Mwanamume aliyesimama mbele ya kanisa zima kujivunia vidole vyako ambavyo havijui sindano, unadhani atafanya nini akisikia una kichwa cha kuendesha shule zote za wilaya? Inawezekana ataumia, na ana haki ya kuumia, maana umemdanganya Jumanne baada ya Jumanne. Acha aumie. Usijitetee kwa sera. Mwambie ulikuwa unaogopa, kisha nyamaza umsikilize.

Tena usichelewe. Jina lake umelificha vizuri, ila katika wilaya hii kocha aliyefika mashindano ya jimbo ni mmoja tu. Nilikupigia simu ofisini Jumatatu nikuonye, wakasema uko kikaoni. Gazeti hili, lenye barua yako, linafika vibarazani Alhamisi asubuhi, na wanaume wa hapa wote huanza na michezo, ambayo wiki hii imechapwa nyuma ya ukurasa huu. Kama unasoma haya na yeye yupo jikoni na nakala yake, weka gazeti chini, mwalimu. Mwambie sasa hivi, kabla hajageuza ukurasa.