Mama Mdogo Aliyeacha Jino

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine mpe Baba, umpe kwa sauti maana najua redio iko juu. Goti lake nimeshaliulizia kwa kaka, nikaambiwa goti halijambo ila mwenye goti ndiye haambiliki. Wewe je, macho yanaendeleaje? Bado unatunga uzi mwenyewe au umekubali kuwaomba wajukuu? Sisi huku wazima. Mkwe wako anakusalimu sana, na lile shati ulilomshonea analivaa mpaka wenzake kazini wanadhani hana jingine.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu mimi na wewe hatuiwezi. Nikianza jambo zito unaniuliza kama nimekula, na wewe ukianza lako mimi nasema mtandao unakatika. Na kila simu inaishia kwenye swali lako lilelile, kwamba mjukuu kutoka kwangu utampakata lini. Watoto wa kaka unawapenda, hilo kila mtu analiona, lakini wa binti yako ndiye unayemngoja, na binti umebaki na mmoja. Swali hilo leo nitalijibu, Mama, sitalikwepa. Ila kwanza nisikilize habari ya jino, kwa sababu bila hilo jino sitafika huko.

Nasikia unawaambia wateja wako kwamba mwanao anapima damu. Damu siigusi hata kidogo. Tunapokea mate ya watu walio hai na mifupa ya watu wa kale, tunasoma vinasaba vyao, yale maandishi madogo ya mwilini ambayo wazazi huwapa watoto, ili tujue watu wamehamahama vipi, wamechanganyika na nani, na kwa nini majirani wawili wa mtaa mmoja wanaweza kutofautiana kuliko watu wanaotengwa na bahari. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado kuna asubuhi nafungua kompyuta, naona tofauti zote hizo za watu zimejipanga mbele yangu, nabaki nimeduwaa na chai inapoa.

Katika maandishi hayo kuna kipande kimoja kidogo ambacho mtoto hupewa na mama yake peke yake. Mimi ninacho chako. Kaka naye anacho chako, lakini wanawe hawana, wao wana cha mama yao. Fikiria zile karatasi zako za kukatia nguo. Ile ya kola uliichora juu ya ile ya bibi, naye aliichora juu ya ile ya mama yake. Mara mojamoja kalamu huteleza, na kosa dogo la siku hiyo linabaki kwenye kila karatasi inayochorwa baadaye. Sisi kazi yetu ni kutafuta makosa hayo na kufuata yalikopitia.

Basi, wachimbaji wa mambo ya kale walituletea jino kutoka kwenye pango, limelazwa kwenye pamba ndani ya kisanduku. Ni gego la utoto, dogo kama punje ya hindi, la mtu aliyekufa kabla watu wa upande ule hawajajua chuma. Nilipewa mimi nilishughulikie. Kwenye chumba chetu safi mtu anaingia amevaa ovaroli, barakoa, na glavu mbili juu ya nyingine, maana chembe ya mate yako ikiangukia jino la namna hiyo utasoma habari zako mwenyewe ukidhani unasoma za marehemu. Ndiyo maana kila anayeruhusiwa kuingia huchukuliwa mate kwanza, vinasaba vyake vikasomwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Majibu ya mfupa yakifanana na ya mfanyakazi, mfupa unahesabiwa umechafuliwa, na mfanyakazi anatolewa nje mpaka ijulikane.

Mwenzangu mmoja, ambaye tunamwita Bwana Klorini kwa jinsi anavyosugua meza mpaka rangi inatoka, ndiye aliyekuja kunipa habari. Alisimama mlangoni akiwa mnyonge kama aliyetumwa kutangaza msiba, akasema kwamba jino langu limetoa majibu, na majibu ni mimi. Kile kipande cha mama, hata kwa sehemu zilizokwisha kusomeka, kilifanana na changu. Na changu si cha kawaida, Mama. Katika watu wote waliowahi kutupa mate yao, maelfu kwa maelfu, hatujampata mwingine mwenye hicho.

Nilitolewa chumba safi siku hiyohiyo. Mkuu wetu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, alisema hanilaumu, lakini jino likithibitika kuwa limechafuliwa litaondolewa kwenye utafiti na kazi yangu nayo itaangaliwa upya. Nikapewa dawati karibu na mashine ya kutolea nakala. Niliona aibu hadi nikatamani ardhi inimeze. Nilikukumbuka ulivyokuwa ukinichapa kikofi cha mkono kila nikijishika uso, nikawa na uhakika kabisa kwamba nimejikuna pua bila kujijua nikaharibu kazi ya watu.

Jino likasomwa upya, mara hii na Bwana Klorini mwenyewe, na kipande chake kingine kikapelekwa kwenye maabara ya mbali ambako hata kivuli changu hakijawahi kufika. Majibu ya pande zote mbili yalikuwa mamoja. Maandishi yake yalikuwa yamekatikakatika na kulika pembeni, na ya mtu aliye hai hayawi hivyo, hayo ni ya mtu wa kale. Sehemu nyingine zote za vinasaba vyake zilikuwa za mtu mwingine kabisa, si zangu. Na kile kipande cha mama, kiliposomwa chote mwanzo hadi mwisho, kilifanana na changu kila mahali isipokuwa herufi moja.

Herufi moja, Mama! Bwana Klorini alinionyesha kwa kidole. Katika miaka yote hiyo, mama kwa binti, mama kwa binti, watu wakihama na njaa zikija na kuondoka, kalamu iliteleza mara moja tu. Mahali fulani katikati alizaliwa msichana mwenye hiyo herufi mpya, hakuna aliyejua, wala mwenyewe hakujua, akaendelea na maisha yake. Kisha ikashuka mpaka kwa bibi, na kwako wewe unayekaa hapo kwenye cherehani. Nilivuta kiti nikaisoma upya ile herufi. Mkuu, ambaye sijawahi kumwona akicheka, aliniwekea mkono begani akasema nirudi chumba safi, kisha akasema kwamba katika maisha yake yote ya kazi hajaliona jambo kama hili.

Wenzangu wakaanza kunitania kwamba nimempata bibi wa mabibi. Lakini huyo si bibi yangu, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Jino lilikuwa bado na mizizi yake mizima. Halikung'oka lenyewe, mwenyewe alikufa nalo kinywani. Vinasaba vinasema alikuwa msichana, na jino linasema alikuwa na umri ule wa kupungukiwa meno ya mbele, umri aliokuwa nao dada yangu, Mama, siku tulizomlilia. Mtoto huyo hakumzaa mtu yeyote. Sisi tumetokana na msichana mwingine wa nyumba ile, dada yake, au binti wa mama zake wakubwa na wadogo, ambaye yeye alibaki, akakua, akazaa. Siwezi kuapa alikuwa yupi. Ila nimemfikiria sana huyo aliyebaki, kwa sababu namjua.

Na dada wa mama yako unamwita mama, hata awe mdogo kiasi gani. Kwa heshima hiyo, mtoto yule mwenye pengo ni mama yangu mdogo. Ukicheka, cheka tu, hata mimi nilicheka, kisha nikaenda chooni kulia.

Sasa hapa kwetu kuna desturi. Kila mfupa una namba yake ya kuandikia ripoti, lakini aliyekabidhiwa mfupa ndiye anayeupa jina la nyumbani, la utani wa kazini. Mpaka sasa tuna wachezaji mpira kadhaa, paka mmoja, na mkwe wa Bwana Klorini. Mkuu aliponiuliza mbele ya watu jino lile tuliite nani, jina la dada lilinitoka mdomoni kabla sijafikiri. Nilistuka kulisikia. Tangu msiba halijatajwa nyumbani kwetu. Baba alizikusanya picha zake zikafichwa juu ya kabati, na watu wakizoea kuniita binti yako wa pekee wewe hukuwasahihisha. Nasi watoto tulielewa, tukanyamaza.

Leo jina hilo limeandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye kisanduku, na linatajwa ukumbini kutwa nzima. Wanaulizana kama ameshapigwa picha, kama amesharudishwa kwenye baridi. Mzee anayefagia husema usiku mwema kwa jina hilo akipita. Nilikuwa nimekusudia kukuomba radhi kwa kulitoa bila ruhusa yako, lakini kwanza lazima nikuambie kwa nini lilikuwa karibu hivyo na ulimi wangu.

Swali lako, Mama. Siku zile nilizokuwa nimetolewa nje ya chumba safi, mimi na mkwe wako tulikwenda kuchukua majibu ya hospitali tuliyokuwa tukiyaogopa. Daktari alizima simu yake kwanza, nikajua. Alisema mayai yangu yamekwisha mapema, mapema mno kwa umri wangu, na kwamba hakuna nilichokula wala nilichofanya kilicholeta hayo. Sitazaa. Mkwe wako alinishika mkono njia nzima, tulipofika akachukua ufagio akafagia chumba nilichokuwa nimekifagia asubuhi. Usimwonee wasiwasi, wala mimi usinionee. Tunalia, na siku nyingine tunacheka.

Jina lile nilikuwa nimelitunza tangu utotoni. Nilipanga nikipata binti nimwite hivyo bila kukuomba ruhusa, uje umkute anaitwa, ukose njia ila kulitaja. Nilipotoka hospitali, jina halikuwa na pa kwenda.

Najua utasema kipande chetu kinaishia kwangu. Huenda, na huenda kuna binti mahali fulani anacho na hajawahi kutupa mate yake. Lakini dada alikuwa nacho, herufi kwa herufi, sina haja ya kipimo kulijua hilo. Na yule mtoto wa pangoni alikuwa nacho, hakumpa mtu, na bado ndiye aliyetuambia sisi ni watu wa wapi. Nikikaa naye mle ndani, nimevaa glavu zangu mbili, sijioni mpungufu. Najiona wa nyumba ile.

Mkuu amesema mlango uko wazi kwako. Sharti utoe mate kama sisi wote, nami nitakufuta shavu kwa pamba mwenyewe, kwa hiyo usianze kujitetea kwamba umekula vitunguu. Utavaa ovaroli, na ukiiona mishono yake tafadhali uvumilie, si kosa langu. Nitakufungulia kisanduku. Kisha, Mama, nitanyamaza nikusubiri wewe umwite.

Msalimie Baba, kaka na shemeji, na watoto uwaambie shangazi yao ameweka zawadi zao. Ukimaliza kusoma usinipigie upesi. Kaa kidogo na Baba, umsomee na yeye, redio aizime.

Ni mimi,
binti yako mdogo.