Mwaka Mto Ulipotakata

Barra do Sal,
Jumanne, baada ya mvua

Kaka Adeilson mpenzi,

Salamu tele kutoka kwetu huku mto unapoingia baharini. U hali gani? Kifua bado kinakusumbua kwa lile vumbi la saruji? Sisi wazima, ila Mama miguu inamvimba, na mimi kichwa changu hakijui kipi ni kipi.

Bahari imefika jikoni, kaka. Nyumba kumi na sita zimekwenda, na Jumapili ukuta wa jiko letu ulianguka chungu cha maharage kikiwa motoni. Majirani wamehamia kwenye minazi ya juu. Mama hataki. Nimembembeleza, nimegomba, nimelia.

Mwezi jana alikuja bibi mmoja mtaalamu wa mito. Alichota maji kwa chupa, akaiinua juani, akauliza udongo uko wapi. Alisema mchanga wa mto ndio uliokuwa ukitujengea ufuo, na sasa umelala nyuma ya bwawa mlilojenga, basi bahari inakula tu na hakuna kinachorudishwa. Dona Zefinha, mfuaji mwenzetu, akamkejeli: ati miaka yote tumefua shuka zikatoka rangi ya chai, leo tumepata maji safi yeye anatutakia matope! Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mama alimjibu yule mtaalamu kwamba mto huu ulitakata kwa nadhiri ya binti yake, na Mungu hampi mtu maji akamnyang'anya nyumba. Ndiyo maana hatoki.

Kaka, ile barua yako iliyosema mmefunga malango ya bwawa na maji yatashuka maangavu, sikumsomea Mama yote. Kipande hicho nilikiruka. Kesho yake, mbele ya wafuaji wote, nikamwekea Bom Jesus, Yesu wetu Mwema, nadhiri: mto ukitakata, nitanyoa nywele. Ukatakata, nikanyoa. Tangu hapo wananiletea watoto wagonjwa niwaombee. Naona aibu, lakini nilipopiga magoti niliomba kweli. Labda Mungu alitumia saruji yenu, labda mimi ni mwongo tu. Sijui. Nilipojaribu kumwambia Mama, aliniziba mdomo, akasema shetani ananijaribu.

Tafadhali niandikie barua ile tena, maana ya kwanza sinayo, maneno yale yale, na siku mliyofunga malango. Safari hii nitaisoma yote, hata kama atanilaani. Fanya haraka, maji yako hatua nne kutoka kitandani pake.

Msalimie wifi Luzinete na watoto. Mama anakupa baraka zake, anasema ukija uoge mtoni kwanza, maji mazuri siku hizi, unaona mpaka vidole vya miguu.

Dada yako,
Josenilda