Kipande Ulichokisugua Ijumaa

Mama yangu wa Manga,

Leo ripoti yangu imepita, na mtu niliyetaka kumwambia kwanza ni wewe. Najua ungeniuliza kama nimekula.

Unakumbuka ulivyopata shida kuwaeleza wenzako wa kanisani kazi yangu? Ulisema nachoma vyuma Nairobi, wakadhani mimi ni fundi wa jua kali, wa kuchomelea mageti kando ya barabara. Ndiyo maana nikakuletea kipande kilichotoka tanurini uone mwenyewe: chuma cha nikeli, cha sehemu za ndani za injini ya ndege, kimepakwa alumini yenye platini kidogo. Nilikueleza kwamba ndani ya tanuri alumini hiyo hujifanyia ngozi nyembamba ya kukilinda chuma, kisha ngozi huchakaa na kubanduka, na kazi yangu ni kuisoma ilivyochakaa. Ulikigeuzageuza mkononi, ukakipa pole.

Ijumaa nikaenda Ikonge kumsalimia shangazi. Nilisahau, mimi niliyezaliwa nyumba hiyo, kwamba Sabato haiingii kwako ikakuta chombo kina doa. Niliporudi nilikikuta juu ya kichanja, katikati ya sufuria, kinameta. Ulikuwa umekisugua kwa majivu na mchanga. Ngozi niliyokuwa bado sijaipima ilikuwa imekwenda na maji.

Nilikufokea, Mama. Nilisema maneno ambayo hata leo sitaki kuyaandika. Ulijifuta mikono kwenye leso, ukaniambia polepole, "Niliona hiyo kitu iko na uchafu. Nikasema usirudi nayo kazini watu wakucheke."

Kesho yake, Sabato yenyewe, nikateremka hadi Keumbu kutafuta gari la kurudi Nairobi, nawe umeshavaa nguo za kanisani ukiningoja twende. Baadaye tulizungumza kwa simu mara nyingi, kuhusu majani chai, kuhusu ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Kila mara nilijiambia kwamba radhi haiombwi kwa simu, nitakuja mwenyewe. Kichwa kigumu hiki nimekirithi kwako, usikatae. Nilipokuja, nilikuja kukuzika.

Nakukosa sana. Nataka pia ujue hasara uliyonitia ilikuwa kubwa kiasi gani. Nilichukua kipande kingine cha aina ileile, nikakitia tanurini, na ngozi ikaota upya, ikachakaa vilevile. Ilichukua wiki sita. Wiki sita tu, Mama.

Nisamehe.

Kifungua mimba wako