Wifi, Umetufungia Maji kwa Kufuli

Jumatatu, 4 Machi

Kwako Mama Babu,

Salamu nyingi. Sisi tumefika nyumbani, wazima, ila roho yangu ndiyo haijatulia. Kaka yangu hajambo? Na mwanao Babu, mtoto wa miaka mitatu sasa, bado anakula chaki zako za kushonea?

Baada ya salamu, wifi, nina dukuduku. Kaka ananunua jakuzi, beseni kubwa la maji moto, analiweka uani, ananipigia: "Dada, lete watoto wafurahi." Nafunga saluni, nasafiri na wanangu kutwa nzima, nafika nakuta mfuniko, na juu ya mfuniko kufuli! Ndugu wa damu tunafungiwa maji kama wadokozi wa sukari. Mwanangu mdogo ukamkatalia kabisa, akalia mpaka kwikwi. Mkubwa ukambana nywele utosini, mimi msusi nimekaa hapo hapo natazama, kisha ukamsimamia na saa mkononi: dakika kumi, toka. Wifi, ile ni nyumba au ni jela?

Nimesema, nisije nikapasuka.

Shangazi yake Babu

Jumapili, 10 Machi

Wifi yangu,

Sisi wazima. Kaka yako anakusalimu. Barua yako niliisoma na sindano mdomoni, nusura niimeze.

Hukuuliza, umekuja na hukumu. Haya, sikiliza. Mwanao mdogo ana miaka minne. Mtoto wa umri ule mwili wake unapata joto upesi, na hawezi kusema nazidiwa. Chini ya miaka mitano haingii, hata awe mtoto wa mfalme. Mkubwa nilimpunguzia moto hadi nyuzi thelathini na tano, na dakika kumi zinamtosha. Nywele je? Chini pale pana tundu linalovuta maji. Likivuta na nywele, hata wewe na vidole vyako vya saluni humbandui mtoto pale. Na nilisimama karibu ili mkono wangu umfikie, si kumlinda kama mfungwa.

Kufuli si lako. Ni la Babu, asiyejua maana ya "usiguse". Ufunguo nauvaa shingoni, naoga nao, nalala nao. Ukitaka kununa, nuna. Mtoto kwanza.

Mama Babu

Jumapili, 17 Machi

Mama Babu,

Hatujambo. Mtoto kwanza, unaniambia mimi? Mimi niliyezaa kabla yako? Mimi na kaka yangu tumekua na pipa la maji lisilo na mfuniko mlangoni, na tupo, tunakula na kunywa. Leo mtu kasoma kitabu cha maelekezo, basi kawa daktari, tena bawabu mwenye ufunguo shingoni.

Sikuandikii tena mpaka unione mtu.

Shangazi yake Babu

Jumapili, 21 Aprili

Wifi,

Salamu utanisamehe. Nakuandikia usije ukasikia kwa watu.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa nampima mteja kiuno. Babu alikuwa anacheza uani, na mimi sina wasiwasi, ufunguo si ninao shingoni? Mara nikahisi kimya. Mtoto anayezama hapigi kelele, wifi. Nilitoka nikakuta mfuniko umebonyea upande mmoja, na kufuli halipo. Alikuwa chini yake. Nilimtoa midomo imebadilika rangi. Nikampulizia pumzi, nikambonyeza kifua, mteja anapiga simu huku futi yangu ingali kiunoni kwake. Akatapika maji, akalia. Hospitali wametulaza siku nne. Jana ameomba mkate.

Kufuli alilikata kaka yako, asubuhi ile ile, nilipokwenda kununua nyuzi. Kwa msumeno wa chuma! Na hakuniambia. Nimemuuliza kwa nini, anatazama sakafu. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa matusi, sakafu tu. Nimemfungia begi lake, yuko kwa rafiki yake. Mtu akikata kinga ya mwanawe halafu hana hata sababu, mimi siwezi kulala naye chumba kimoja. Ndoa hii kwangu imekwisha.

Mama Babu

Jumatano, 24 Aprili

Wifi yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Mshike Babu kichwa kwa niaba yangu.

Sababu anayo. Sababu ni mimi. Siku ile ile niliyoapa sikuandikii tena, nilimpigia simu. Nilimwambia, "Mwanaume gani mkewe anatembea na ufunguo wa nyumba yake shingoni?" Akasema ni kwa ajili ya mtoto. Nikacheka. Nikampigia tena, na tena, karibu mwezi mzima, nikimwambia saluni nzima inamcheka. Uongo! Sikuwa nimemwambia mteja hata mmoja. Siku aliyokata aliniandikia ujumbe: "Haya, nimekata, umeridhika?" Nikamjibu kwamba sasa ndiyo amekuwa mwanaume.

Mjinga yule amekaa kimya ili usinichukie. Mkasirikie kwa kunisikiliza, anastahili. Lakini usivunje nyumba yako kwa mdomo wangu. Ukitaka kufukuza mtu, nifukuze mimi. Nimeukasirikia mdomo huu.

Dada yake mumeo

Jumanne, 30 Aprili

Kwako Shangazi yake Babu,

Babu anapumua vizuri, daktari amemwachia. Baba yake amerudi tangu jana. Hatuongei sana, lakini amerudi. Jakuzi tumelimwaga maji.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimetaka kuichana. Usije. Usipige simu. Siku nitakayoweza, nitakuandikia mwenyewe.

Babu anakuulizia kila siku. Nimemwambia shangazi ana kazi nyingi.

Mama Babu